Bukavu: Chungu, tawi na historia ya waliohamishwa

Katika Kadutu na Bagira, mjini Bukavu, nyumba nyingi zimebanana mlimani hadi mlango wa mmoja unatazama bati la jirani. Nafasi ya bustani hakuna. Hata hivyo, mbele ya milango kuna vyungu, bidoni zilizokatwa na makopo ya maziwa yaliyopakwa rangi, na ndani yake mimea minene inayotunza maji: shubiri, mnyaa, kalankoe. Mingi haikununuliwa. Ilianza na tawi lililoombwa kwa jirani.

Historia ya vitu hivyo viwili, chungu na tawi, ni historia ya ardhi ya Kivu na ya watu walioondolewa juu yake.

Chungu

Kupamba chungu kwa mkono hakukuletwa na Wazungu. Watafiti Jean Hiernaux na Emma Maquet, katika maandishi yao ya mwaka 1957 na 1960, walieleza vyungu vya kale vilivyochimbuliwa Rwanda, Burundi na Kivu. Vya zamani zaidi ni vya aina inayoitwa Urewe, na umri wake unapita miaka 1500. Wafinyanzi wake walichora mistari udongo ukiwa bado mbichi, na mara nyingi walibonyeza kitako cha chungu kwa kidole. Baadaye ikaja desturi ya kuviringisha kamba ya majani yaliyosokotwa juu ya udongo, ikiacha alama zinazofuatana kama mshono.

Katika nchi za Maziwa Makuu, Batwa ndio waliojulikana sana kwa kazi hiyo. Hawakutumia gurudumu. Walipandisha udongo kwa mikono, wakaukausha, kisha wakauchoma kwa majani na kuni. Majirani walinunua kwao vyungu vya maji, vya kupikia na vya pombe ya ndizi.

Mambo mawili yaliibana kazi hiyo. La kwanza ni sufuria na bidoni za plastiki. La pili ni ardhi. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, na Batwa waliokuwa wakiishi msituni humo wakafukuzwa bila kupewa ardhi nyingine. Asiye na ardhi huomba hata udongo wa kufinyangia. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: haki za Batwa hao zilivunjwa, na serikali ya Congo ikatakiwa iwarudishie ardhi yao.

Tawi

Kiswahili kina neno moja, ua, kwa lile linalochanua na kwa uzio wa nyumba. Kwa mnyaa, uzio wenyewe ni mmea. Nchini Rwanda huitwa umuyenzi, na ndio uliozunguka rugo nyingi za zamani. Tawi huchomekwa ardhini, likashika mizizi, na baada ya misimu michache boma linakuwa na ukuta wa kijani. Ulikuwa alama kwamba hapa pana wenyewe.

Wakati wa ukoloni, mji ulipoitwa Costermansville, Wazungu walijijengea kando ya ziwa, Ibanda, na kujipatia bustani pana. Waafrika walipangiwa Kadutu na Bagira, na viwanja vyao vilikuwa vidogo. Tangu vita vya 1996, familia nyingi zilizokimbia vijiji zimejenga kwenye miteremko ya mji, na viwanja vikazidi kupungua. Mmea uliokuwa uzio wa boma zima sasa unaishi kwenye kopo.

Mmea unaovumilia safari

Mnamo Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa M23, na Februari ikawa zamu ya Bukavu. Familia nyingi zilihama tena, zikibeba kinachobebeka tu. Mbegu huhitaji shamba na msimu. Miche mingi hufa ikikaa siku mbili bila maji. Mimea minene ina tabia tofauti: tawi lake halitaki kupandwa siku lilipokatwa. Liachwe kivulini siku tatu hadi wiki, kidonda kikauke na kufunga, la sivyo litaoza. Linaweza kukaa ndani ya mfuko siku kadhaa njiani na bado likaota.

Chombo kitobolewe chini. Udongo mwekundu wa Bukavu hushika maji mno, kwa hiyo uchanganywe na mchanga au vipande vidogo vya matofali. Maji yawe machache, hasa mvua zinapoanza Septemba. Kalankoe nyingine huota hata kwa jani moja. Tahadhari ni kwa mnyaa: maziwa yake huchoma ngozi, na yakiingia jichoni yanaweza kumnyima mtu kuona kwa siku kadhaa. Uwekwe mbali na watoto.

Kopo likishapakwa rangi na kuchorwa mistari, mara nyingi kwa mkono wa mtoto, linaendeleza kazi ya wafinyanzi wa kale, ingawa si la udongo. Pia lina faida ambayo mpangaji anaijua vizuri. Kilichopandwa kwenye kiwanja hubaki kwa mwenye kiwanja, lakini kopo huondoka na aliyelipanda. Siku familia itakaporudi kijijini, tawi moja litatosha kuanza tena uzio, ikiwa ardhi ya kuuzungushia uzio huo bado ni yao.