Samba ilizaliwa kwa kusikiliza

Ikiwa Windows ya ofisini kwako hufungua faili zilizo kwenye seva ya Linux, mshukuru Andrew Tridgell. Mwishoni mwa 1991 alikuwa akisomea shahada ya uzamifu Canberra, Australia, akataka kompyuta yake ya DOS isome faili za mashine ya Unix. Maelezo ya itifaki hakuwa nayo. Akaandika programu ya kunasa mazungumzo ya mtandao, akasikiliza, kisha akaifundisha Unix kujibu vivyo hivyo.

Lugha hiyo ilikuwa SMB. Jina la kwanza la programu lilipogongana na la kampuni nyingine, mwaka 1994 alitafuta kwenye kamusi maneno yenye S, M na B, akapata Samba. Microsoft ilikubali kuipa Samba maelezo ya itifaki Desemba 2007, baada ya kushindwa kortini na Tume ya Ulaya.

Mimi nikiitwa kwa sababu seva kuukuu haionekani kwenye Windows mpya, sianzi na waya wala nenosiri. Naangalia kwanza zinaongea toleo gani la SMB. Toleo la kwanza siku hizi huwa limezimwa, na ni vyema: WannaCry ilipitia humo Mei 2017. Usiliwashe tena. Sasisha Samba.