Kipimo cha oksijeni ya bwawa: namna ya kutunza na kuhifadhi kichwa chake

Kikundi cha wafugaji wa samaki, kiwe cha wakimbizi, cha wenyeji au cha pamoja, kikipata kipimo cha oksijeni iliyoyeyuka majini, kinapata kifaa chenye sehemu mbili: mashine ya mkononi inayoonyesha namba, na kichwa cha kupimia kinachotumbukizwa bwawani kwa waya. Mashine hudumu miaka. Kichwa ndicho huharibika haraka, na mara nyingi huharibikia kwenye sanduku, si bwawani.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Oksijeni ya bwawa hushuka usiku, kwa kuwa mimea ya majini haitengenezi oksijeni gizani, ilhali yenyewe na samaki wanaendelea kuitumia. Kiwango cha chini kabisa huwa alfajiri, kabla jua halijachomoza. Kikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, perege hupunguza kula. Kikizidi kushuka, huja juu wakihema na kufa. Kambale huweza kuvuta hewa, perege hawezi. Kichwa kibovu kikisoma 5 wakati maji yana 2, hakuna atakayefungulia maji mapya.

Ndani ya kichwa cha kawaida kuna metali mbili, anodi na katodi, ndani ya kimiminika chenye chumvi kiitwacho elektroliti. Mbele yake pana utando mwembamba wa plastiki unaopitisha gesi na kuzuia maji ya bwawa. Oksijeni ikipenya, inazalisha umeme mdogo, na mashine inaugeuza kuwa namba. Utando ukitoboka, ukikunjamana au ukiwa na kipovu cha hewa nyuma yake, namba hiyo haina maana.

Ukimaliza kupima, suuza kichwa kwa maji safi, kikung'ute taratibu, kisha kirudishe kwenye kifuko chake chenye sifongo lililoloweshwa kidogo. Kinachotakiwa ni unyevu, si maji. Kifuko kikipotea, tumia chupa ndogo yenye kitambaa kibichi chini, kichwa kining'inie bila kugusa kitambaa. Kikiachwa kikavu, maji ya elektroliti hutoka polepole kama mvuke kupitia utando, chumvi inaganda na kipovu kinajitokeza. Usikiweke chini ya bati linalowaka jua mchana, wala usikichomeke kwenye tope: tope jeusi linalonuka kama yai viza lina gesi inayochafua metali za ndani. Usifute utando kwa kidole.

Kipimo kinachotumika kila siku huhitaji utando mpya na elektroliti mpya takriban kila wiki 4 hadi 8. Kijitabu cha mtengenezaji kikisema tofauti, fuata kijitabu. Usingoje muda huo ukiona namba zinapandashuka ovyo, zinachelewa kutulia, au mashine inakataa kurekebishwa. Vaa glavu, maana elektroliti za aina fulani huunguza ngozi. Mwaga ya zamani, suuza kwa maji yasiyo na madini, jaza mpya hadi ukingoni, gongagonga ili mapovu yapande, kisha funga kifuniko cha utando pole pole. Maji yasiyo na madini ni yale yanayouzwa kuongezea betri za gari, lakini soma chupa kwanza: asidi ya betri huuzwa duka hilohilo. Katodi ikiwa imefifia, isugue kwa msasa laini uliokuja na kifaa tu. Msasa wa seremala utaimaliza.

Baada ya hapo rekebisha namba kichwa kikiwa ndani ya kifuko chenye unyevu. Vichwa vingi vinavyotegemea umeme wa mashine hutaka iwashwe dakika 10 hadi 15 kwanza. Ingiza pia mwinuko wa mahali mlipo, kama mashine inauliza. Maji ya nyuzijoto 25 yaliyoshiba oksijeni hubeba karibu miligramu 8.3 kwa lita usawa wa bahari, lakini kwenye mwinuko wa Ziwa Victoria, mita 1,134 hivi, hubeba karibu 7.2 tu. Mashine iliyorekebishwa kana kwamba mko Mombasa itawadanganya kwa zaidi ya miligramu nzima maji yakiwa yameshiba, na itawadanganya kwa kuwapa matumaini. Wakati wa kupima, tikisa kichwa taratibu ndani ya maji, kwa sababu kinakula oksijeni iliyo mbele yake na kwenye maji yaliyotulia kitasoma chini.

Bwawa likikauka au kikundi kikisimama kwa zaidi ya mwezi mmoja, kwa vichwa vingi vya aina hii kazi inabadilika: toa utando, mwaga elektroliti, suuza, acha kikauke kabisa, kisha funika kwa kifuniko kikavu. Toa na betri za mashine. Vichwa vinavyozalisha umeme vyenyewe huendelea kulika hata vikiwa sandukuni, hivyo kwa hivyo kijitabu ndicho cha kusikilizwa.

Vipimo vipya vinavyotumia mwanga havina elektroliti. Navyo hupenda unyevu, na kofia yao haipaswi kuguswa na spiriti, petroli wala kuachwa juani.