Visiwa vya Makombe vya Florida

Wakalusa, wenyeji wa asili, waliitawala pwani ya kusini-magharibi mwa Florida, upande wa Ghuba ya Mexico, bila kutegemea shamba la mahindi. Wataalamu waliozoea kudhani kwamba ufalme hausimami pasipo kilimo walipata tabu kulielewa hilo. Riziki ya Wakalusa ilitoka horini na mikokoni: mkizi, kaa, chaza na kome wakubwa. Makombe yake yalirundikwa karne kwa karne hadi yakawa vilima, na juu yake wakajenga. Mound Key, kisiwa cha mfalme katika hori ya Estero, kiliinuka hivyo hadi mita 9 hivi. Kando ya mfereji uliokikata katikati palikuwa na mabwawa yenye kingo za makombe, ambamo samaki walihifadhiwa wangali hai.

Mwaka 1896 mwanaakiolojia Frank Hamilton Cushing alichimba Key Marco, kwenye pwani hiyo hiyo, ambako matope yalizuia vitu visioze. Humo alikuta nyavu zenye vyelezo na chubwi zake, na kinyago cha mbao, nusu paka nusu mtu, chenye urefu wa sentimita 15 tu.

Mvumbuzi Mhispania Juan Ponce de León alipigwa mshale kwenye pwani hiyo mwaka 1521, akafia Cuba. Mwaka 1566 kamanda Mhispania Pedro Menéndez alipokewa na mfalme wa Wakalusa aliyeitwa Carlos, katika nyumba ambayo Wahispania walisema watu 2,000 wangesimama ndani bila kubanana. Urafiki huo haukudumu. Kufikia 1569 ngome na misheni ambavyo Wahispania waliweka huko vilikuwa vimeachwa. Kilichowamaliza Wakalusa hasa ni maradhi, kisha wateka watumwa waliobeba bunduki za Waingereza wa Carolina. Waliobaki walivukia Cuba kufikia 1763.

Wavuvi wa Cuba walirithi maji hayo. Walipiga kambi visiwani, wakavua mkizi, wakamtia chumvi na kumpeleka Havana kuuzwa wakati wa Kwaresima, hadi vita vya Marekani na wenyeji Waseminole vya miaka ya 1830 vilipowavurugia kazi.

Baadaye, katika kisiwa cha Sanibel kwenye pwani hiyo hiyo, mnara wa taa uliwashwa mwaka 1884. Walowezi walilima mboga na matunda, lakini kimbunga cha 1926 kiliyafunika mashamba kwa maji ya bahari, na chumvi ikaiharibu ardhi. Barabara ya kuvukia bara ilifunguliwa mwaka 1963, watalii wakafuata. Tarehe 28 Septemba 2022 kimbunga Ian kiliikata sehemu kadhaa. Ilichukua wiki tatu hivi kabla ya magari kupita tena.