Mahindi ya Iowa na swali la "watumiaji wangapi?"

Ukitengeneza programu ya simu, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: imepakuliwa mara ngapi? Ukitaja elfu kumi, unapigiwa makofi. Wangapi bado wanaitumia baada ya miezi mitatu? Hapo wengi wetu tunaanza kukohoa.

Kumbe swali hili lilishaulizwa zaidi ya miaka 80 iliyopita, na lilihusu mahindi.

Kuanzia mwaka 1928, mbegu chotara zilianza kupandwa na wakulima wa jimbo la Iowa, Marekani. Zilizaa zaidi na zilivumilia ukame kuliko za zamani. Ila zilikuwa na gharama yake. Mkulima aliyezoea kuchagua mahindi mazuri ya mavuno yake na kuyatunza kwa mbegu, sasa alitakiwa anunue mbegu kila mwaka, tena katika miaka ya 1930 ambapo uchumi ulikuwa umeanguka.

Mwaka 1941, Bryce Ryan na mwanafunzi wake wa uzamili, Neal Gross, walifanya utafiti kwa wakulima 259. Hawakuishia kuuliza "unatumia au hutumii?" Waliuliza: ulisikia lini? Kwa nani? Ulipanda lini mara ya kwanza? Na ulipanda sehemu gani ya shamba?

Wakulima wote isipokuwa wawili walikuwa wameshapokea mbegu hizo. Ukihesabu vichwa tu, unafunga daftari: mafanikio! Lakini tarehe zilisema mengine. Hadi 1933, baada ya miaka mitano, ni kama mmoja tu kati ya kumi aliyekuwa amezipanda. Miaka mitatu baadaye walifika karibu wanne kati ya kumi. Ukichora grafu unapata umbo la S: mwanzo wa polepole, kupanda kwa kasi, kisha kutulia.

Je, walichelewa kwa sababu hawakujua? Hapana. Karibu wote walikuwa wameshasikia habari za mbegu hizo wakati wanaozipanda bado wanahesabika kwa vidole. Waliotajwa zaidi kuwa ndio waliowapa habari mara ya kwanza ni wauzaji wa mbegu. Ila walipoulizwa nani aliwashawishi hasa, majirani waliongoza. Na hata wengi wa waliochelewa hawakupanda shamba zima mara moja. Wengi walijaribu kipande kwanza.

Mwaka 1962, Everett Rogers, naye mtoto wa mkulima wa Iowa, aliandika kitabu kilichowagawa watu kwa makundi, kuanzia wabunifu hadi "wanaobaki nyuma". Baba yake mwenyewe alikataa mbegu chotara kwa miaka mingi, mpaka ukame wa 1936 ulipoyakausha mahindi yake huku ya jirani yakiwa yamesimama.

Mimi jina hilo la "wanaobaki nyuma" linanipa shida, na sababu yangu iko huku kwetu. Mwaka 1964 Kitale, Kenya, ilitoa mbegu chotara H611, iliyofaa maeneo ya nyanda za juu. John Gerhart alipochunguza magharibi mwa Kenya miaka ya 1970, alikuta wakulima wa maeneo yaliyofaa wameipokea mbegu chotara kwa kasi isiyopungua ya Wamarekani. Sehemu za chini na kavu zaidi, kasi ilikuwa ndogo. Sasa, mkulima wa bondeni alikuwa mzito wa kubadilika, au mbegu haikutengenezwa kwa ajili ya shamba lake?

Kwa hiyo ukipima huduma yako, tenganisha hesabu: waliosikia, waliojaribu, wanaoendelea, na wanaitumia kwa sehemu gani ya mahitaji yao. Kama wengi wamesikia na wachache wamejaribu, kuongeza matangazo hakutasaidia sana. Wape namna ya kujaribu kidogo bila hasara, na uwaache walioridhika wawaambie jirani zao.

Na yule aliyekataa, kabla hujampa jina, nenda kamuulize. Huenda ameona shimo ambalo wewe bado hujaliona.