UZI: "Namba yangu mlitoa wapi?" Historia fupi ya orodha za simu na matangazo ya siasa

1. Kila msimu wa uchaguzi swali hili hurudi kwenye midahalo. Mgombea anaulizwa, anacheka, anasema hayo ni mambo ya vijana wa ofisi. Mimi nilikuwa mmoja wa hao vijana wa ofisi. Sitataja mtu wala chama, maana ukitaja mmoja tu, mjadala unageuka kuwa wa mashabiki. Twende polepole.

2. Tuanze na daftari. M-Pesa ilianza Machi 2007, na wengi wetu tunakumbuka kitabu cha wakala: jina, kitambulisho, namba ya simu, kiasi, sahihi. Ukiingia jengo Nairobi, soja wa getini naye ana kitabu chake, anataka hayo hayo. Ongeza orodha ya harambee, ya matanga, ya chama cha akina mama. Nani kati yetu aliwahi kuuliza vitabu hivyo vikijaa vinaenda wapi?

3. Uchaguzi wa Desemba 2007 na ghasia zilizofuata zilitufunza kwamba SMS inaweza kuwasha moto. Ndiyo maana mwaka 2012, kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, tume ya mawasiliano ilitoa mwongozo: ujumbe wa siasa wa kutumiwa watu wengi kwa mpigo upate kibali kwanza, maneno yakaguliwe. Mwongozo uliweza kufanya kazi kwa sababu SMS inaonekana. Inaingia kwa simu yako, unaisoma, unaihifadhi kama ushahidi.

4. Mwaka huo huo wa 2012, Facebook ilianzisha kitu kinaitwa Custom Audiences. Google ikafuata 2015 na Customer Match. Nia ilikuwa biashara: duka lina namba na barua pepe za wateja wake, linataka tangazo liwafikie hao hao wakiwa mtandaoni.

5. Inafanya kazi hivi. Una faili ya Excel yenye namba za simu, unaipakia. Kila namba inageuzwa kuwa fumbo, mlolongo wa herufi na tarakimu usiosomeka. Facebook nayo inageuza namba za watumiaji wake kwa kanuni ile ile. Mafumbo yakifanana, umepatikana, na tangazo linakufuata. Tangu 2013 unaweza pia kuambia Facebook ikutafutie watu wanaofanana na walio kwenye orodha. Na siku hizi si lazima upakie kwa mkono. Programu ya duka inaunganishwa moja kwa moja, kila mteja mpya anaingia.

6. Sasa kisa changu. 2017 nilikuwa katika ofisi ndogo ya matangazo. Wateja wetu walikuwa wa kawaida: hardware, shule, hoteli. Agosti ikikaribia, akaja mteja wa siasa na flash disk. Ndani kulikuwa na faili kadhaa, kila moja na jina la wadi. Hakuna aliyesema zimetoka wapi, na mimi sikuuliza. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika.

7. Nikisafisha faili moja, nikigeuza 07 kuwa 2547, nikaona jina la shangazi yangu. Namba ilikuwa sawa, lakini jina lilikuwa na kosa, kosa lile lile lililo kwenye orodha ya chama chake cha akina mama. Hapo nikajua faili imetoka wapi. Shangazi alitoa namba ili ajulishwe zamu yake ya kupewa pesa ikifika. Aliingia chama cha akiba, akajipata kwenye orodha ya chama cha siasa.

8. Nilipakia. Nakiri. Shangazi hakutumiwa SMS hata moja. Akawa anaona tu matangazo ya mtu mmoja kila akifungua Facebook. Akaniambia, "Huyu kijana ana bidii, yuko kila mahali." Hakuwa kila mahali, alikuwa kwa simu ya shangazi. Mwongozo wa SMS haukuwa na la kusema hapo.

9. Machi 2018 dunia ikasikia habari za Cambridge Analytica na data ya watu hadi milioni 87 wa Facebook. Midahalo yote ikahamia kwa wageni wanaosoma akili zetu. Kashfa ilikuwa ya kweli, lakini ilitusahaulisha faili ya wadi. Ile haikuhitaji mwanasaikolojia, ilihitaji flash disk.

10. Mwaka huo huo, mahakama ya juu ya utawala ya Bavaria, Ujerumani, ilikubaliana na mamlaka ya data ya jimbo hilo: duka la mtandaoni lisipakie barua pepe za wateja kwa Facebook bila idhini yao. Hoja kwamba anwani zimegeuzwa kuwa fumbo haikupita. Kama fumbo bado linakutambulisha, bado ni data yako. Orodha zikaamriwa zifutwe.

11. Kwetu, Sheria ya Kulinda Data ilikuja Novemba 2019. Msingi wake mmoja ni rahisi: data iliyokusanywa kwa sababu moja isitumiwe kwa sababu nyingine isiyoendana nayo. Juni 2021 Wakenya waliingia eCitizen wakajikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Kelele zilikuwa kubwa, na zilistahili. Lakini tulijua kwa sababu palikuwa na mahali pa kuangalia. Orodha ya matangazo haina rejista ya umma.

12. Kuna wanaosema mgombea ana haki ya kufikia wapiga kura. Sawa, anayo. Aliyekubali mwenyewe kupata habari zake, amtangazie. Ugomvi wangu ni namba iliyotolewa kwa ajili ya matanga kupelekwa kampeni.

13. Kwa hivyo mdahalo ujao usiishie kwa "mlitoa wapi". Uliza: mmepakia orodha gani, nani alikubali, mtaifuta lini? Na ukiona tangazo Facebook, bonyeza nukta tatu, chagua kujua kwa nini unaliona. Ikisema uko kwenye orodha ya mtangazaji, piga picha ya skrini. Malalamiko yanapelekwa kwa Kamishna wa Data, na sheria inasema yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90.

14. Shangazi nilimwambia 2021, baada ya ile ya eCitizen. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na wale wenzangu wa chama, mwanangu, umewaambia?" Sikuwa nimewaambia. Kama wewe ni mmoja wao, uzi huu ni wako.