Mgogoro wa mathenge Baringo

Mgogoro wa mathenge Baringo ni mvutano kati ya wafugaji wa Kaunti ya Baringo, nchini Kenya, na serikali kuhusu mathenge (jina la kisayansi: Prosopis juliflora), mti vamizi wenye asili ya Amerika. Mgogoro huo ulifika mahakamani mwaka 2006, na mwaka 2008 mti ukatangazwa kisheria kuwa gugu haribifu.

Kuletwa kwa mti

Mathenge ilipandwa Kenya mwaka 1973 karibu na Mombasa, ili kurudisha uoto kwenye machimbo ya mawe ya Bamburi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilipelekwa Baringo kupitia miradi ya upandaji miti iliyoungwa mkono na wafadhili wa kigeni. Lengo lilikuwa kupata kuni, malisho na kinga dhidi ya mmomonyoko wa udongo.

Mifugo hula maganda yake matamu na kusambaza mbegu kwa kinyesi. Mti ukikatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Hivyo vichaka vya miiba vilifunika malisho, mashamba na njia za kwenda majini katika eneo la Marigat na kandokando ya Ziwa Baringo.

Kesi

Jamii ya Wailchamus ililalamika kwamba miiba iliwajeruhi watu na mifugo, na kwamba sukari ya maganda iliozesha meno ya mbuzi hadi wakashindwa kula. Mwaka 2006 wawakilishi wake waliishtaki serikali katika Mahakama Kuu ya Kenya. Mbuzi asiye na meno alipelekwa mahakamani kama ushahidi, na habari zake zikaenea nchini kote. Malalamiko ya wafugaji wa pembezoni yakawa suala la kitaifa.

Sheria na maslahi

Sheria ya Kenya kuhusu magugu haribifu (Sura ya 325) humruhusu waziri kutangaza mmea kuwa gugu kupitia gazeti rasmi la serikali. Tangazo hilo humpa mwenye ardhi wajibu wa kuung'oa mmea huo. Kwa hiyo ushindi wa wafugaji ulikuwa na pande mbili: serikali ilikiri madhara ya mti, lakini sheria yenyewe ilimtwika mkulima mzigo wa kuuondoa.

Wakati huohuo, kundi lingine lilikuwa limepata faida. Wachomaji makaa, wauza nguzo na wakusanyaji wa maganda ya kulishia mifugo walitegemea mti huo kwa kipato. Taasisi za misitu nazo zilihimiza udhibiti kwa njia ya matumizi badala ya kuutokomeza. Wakosoaji wa njia hiyo husema kwamba gugu likishakuwa biashara, wanaotaka libaki huongezeka.

Nchi nyingine

Mvutano kama huo ulitokea Afrika Kusini. Mwaka 1987 nchi hiyo iliachia wadudu wanaokula mbegu za miti ya jenasi hii, lakini si wale wanaoua mti wenyewe, kwa sababu wafugaji walithamini maganda na kivuli chake.

Nchini Tanzania mathenge imeonekana katika Mkoa wa Kilimanjaro. Huko, udhibiti wa visumbufu vya mimea uko chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, iliyoanzisha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA).