Allée na avenue: kwenda na kufika

Kila mara tunajazaka dosie ya kazi tunaandikaka: nambari, avenue, kartie, komini. Avenue njo anwani yetu. Lakini hii neno inasema nini, na miti iliingia humo namna gani?

Tuanze na dada yake, allée. Inatoka kwa kitenzi cha Kifaransa aller, yaani kwenda. Allée ni njia ya kutembelea ndani ya bustani, miti imepangwa mistari miwili, kushoto na kuume. Avenue yenyewe inatoka kwa avenir ya zamani, yaani kufika. Kwanza ilikuwa njia yoyote ya kukaribia mahali. Hata askari walisema hivyo juu ya njia za kuingia mjini. Kisha ikawa njia yenye miti, inayomfikisha mgeni mpaka mlangoni kwa bwana mkubwa.

Miti haikupandwa kwa uzuri tu. Mwaka 1552 mfalme Henri II aliamuru miti ya orme ipandwe kando ya barabara kubwa, ju jeshi lilihitaji mbao za kubebea mizinga. Mwaka 1667 André Le Nôtre, fundi wa bustani za Louis XIV, alichora allée ndefu kutoka bustani ya Tuileries kuelekea magharibi. Kule ilikuwa bado mashamba. Leo njo avenue des Champs-Élysées ya Paris.

Sisi, neno lilitufikia pamoja na Wabelgiji. Elisabethville, leo Lubumbashi, ilianzishwa 1910: barabara zilinyooshwa, zikaitwa avenue, na kartie ya Wazungu ikapata miti yake. Neno likaendelea mpaka cité. Miti haikufuata kila mahali. Leo hata kanjia ambako gari haipiti tunaita avenue.

Ufaransa, sheria ya 2016 inakataza kuangusha miti ya allée kando ya barabara za watu wote, isipokuwa kwa sababu maalum. Huku kwetu mti unakatwa asubuhi, mchana kibanda cha kuuzia kimesimama, na hakuna mwenye kuuliza.

Tulipokea neno, tukaacha kivuli chake. Wewe mwenye kusoma hii, mbele ya parcelle yenu kuko mti? Kama hakuna, nafasi ya mmoja haikosekani.